Herufi Nne za Mdogo Wangu

Jumapili, jioni. Makuyuni.

Leo mawingu yamelala juu ya milima ya Usambara mpaka mchana, lakini huku chini kwetu joto lilikuwa lile lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Nimeshinda nyumbani. Kanisani sikwenda. Nilimwambia mama nimechoka, naye hakubisha, na mama yangu ninayemjua angenitoa na fimbo. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyo siku hizi.

Nina hasira. Nianze na hilo, maana nikianza na huzuni sitaandika kitu.

Nimewakasirikia watu wote wanaoandika nusu nusu. "Pole sn." "2po pmj." "Mung awtie ngv." Tangu tumzike mdogo wangu Hoza kule kwetu Dindira, simu yangu imejaa vipande vya maneno. Kwenye grupu la ukoo binamu mmoja aliweka RIP, wa pili akaweka RIP chini yake, wakafuatana hivyo mpaka nikachoka kushusha kidole. Shangazi yangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, yeye aliona hata RIP ni ndefu. Akaweka picha ya ua.

Na zote hizo ilibidi nimsomee mama. Jaribu wewe kumsomea RIP mama aliyefiwa na mwanawe. Unaisomaje? Mimi nilikuwa nasema huyu ni fulani, anasema Mungu ampumzishe Hoza mahali pema na wewe akutie nguvu. Mama anaitika amina, anataka nimshukuru huyo mtu, nimuulize na wa kwake kama hawajambo. Namuuliza. Hakuna anayejibu.

Riziki yangu inatoka kwenye maneno, labda ndiyo maana nayaonea uchungu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Korogwe mjini. Kutwa nanyoosha maneno ya watu. Kijana analeta barua ya kuomba kazi, kaandika "naomb kaz kwn nna uzoef," namrudishia irabu zake bila malipo. Watu wazima nao wana yao: M/kiti, S.L.P., n.k. Hiyo n.k. siipendi kuliko zote. Mtu kaishiwa la kusema, anaweka herufi mbili na nukta zake ili tudhani anayo mengi. Wateja wananitania, wananiita mwalimu wa kujitolea. Tunacheka, jioni tunaagana.

Kwa Hoza sikuwahi kucheka.

Tulizaliwa wawili tu kwa mama, mimi na yeye. Alikuwa fundi wa kuchomelea, Handeni mjini. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Mama nilimteremsha kutoka Dindira nikakaa naye hapa Makuyuni baada ya mtoto wa jicho kumfunika macho yote mawili. Upasuaji anauogopa; kila tukipanga kwenda, anapata udhuru. Masikio nayo yamechoka. Ukimpigia simu anasikia mikwaruzo tu, anajibu marahaba, marahaba, hata kama umemuuliza amekula nini. Lakini ukikaa upande wake wa kulia, ukasema taratibu karibu na sikio, anakusikia vizuri kabisa.

Kwa hiyo kila asubuhi Hoza alituma ujumbe kwenye simu yangu, nami nikamsomea mama kabla hajanywa chai. Na ujumbe wenyewe ndio huu:

"Shkm mama. Uzma? Nko pw. Cku njm."

Basi. Shikamoo mama, u mzima, niko poa, siku njema, vyote vimekamuliwa mpaka yamebaki makapi. Na Handeni si ng'ambo. Ukitoka asubuhi, mchana umeshafika na umeshakula. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana. Hii ya Hoza niliiona robo ya robo.

Sasa wewe unayesoma, kama hujazaliwa milimani, nikwambie kitu. Kwetu Washambaa salamu si neno moja. Watu wakikutana kwenye njia ya mteremko wanatua mizigo kwanza. Wanaulizana walivyoamka, watoto walivyoamka, ng'ombe, shamba, yule jirani mgonjwa, na mmoja akimaliza mwenzake anaanza upya kutoka mwanzo. Mtoto hamuulizi mama yake "mzima?" akapita. Mtoto wa namna hiyo anaulizwa kama ana ugomvi na mtu. Na mama yangu ana desturi yake ya tangu zamani: haonji chai mpaka watoto wake wote wamemsalimia. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunasukumana mlangoni kwa jiko ili tumuwahi, maana chai ya mama ikichelewa na yetu ilichelewa.

Mtu kama huyo ningemsomea "shkm"?

Sikuweza. Siku ya kwanza kabisa nilipokaa upande wake wa kulia na simu mkononi, mdomo ulikataa. Nikasema kwa Kishambaa, neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Shikamoo mama yangu. Umeamkaje, miguu imelala vizuri, usiku haukukusumbua? Mimi mwanao sijambo, mke wangu Neema hajambo, kazi inakwenda, na wewe usiache kula. Mama aliitika kila mahali pa kuitika, kana kwamba Hoza amekaa mbele yake. Alipomaliza kuitika, akanyoosha mkono kutafuta kikombe.

Ndivyo tulivyoishi. Yeye anatuma makapi, mimi naweka nyama.

Kuna siku aliongeza maneno matatu: "Huku jua tu." Nilifurahi kama nimeokota dhahabu. Nikamsomea mama kwamba Handeni jua limekaza mpaka chuma hakishikiki hata kabla ya kuchomewa, na kwamba akikishika anakumbuka ukungu wa Dindira, ule unaoingia mlangoni asubuhi bila hodi, moyo unapoa. Mama alicheka mpaka akakohoa. Bila hodi, akarudia. Siku nzima kila jirani aliyepita aliambiwa mwanangu kasema ukungu wa kwetu unaingia bila hodi.

Nilimsikia nikiwa natoka kwenda kibandani, nikaona wivu. Sifa zote zilikwenda kwa mtu aliyeandika maneno matatu.

Nilimwandikia Hoza siku hiyo hiyo, nikamwambia huyu ni mama yetu, andika vizuri. Alijibu, "Pw dd." Poa dada, basi. Nilitamani kuitupa simu.

Halafu homa ikamchukua. Aliumwa muda mfupi mno, hata sikupata nafasi ya kwenda kumwona. Nilipofungasha ili niende, habari ikawa imeshakuja. Tulimpandisha Dindira, tukamlaza jirani na baba. Mama hakuliona jeneza. Alilipapasa kutoka upande wa kichwa mpaka miguuni, akauliza kama limemtosha, kwa kuwa Hoza alikuwa mrefu. Nikamwambia limemtosha. Hilo nalisikia masikioni mpaka leo ninapoandika.

Tukaondoa matanga. Tukarudi Makuyuni, mimi na yeye. Asubuhi moja baada ya mimi kumsalimia hakunyoosha mkono kutafuta kikombe. Akasema nimsomee zile salamu za Hoza za zamani.

Ndipo nikaelewa nimepatwa na nini.

Nilifungua simu. Nikapandisha juu, nikapandisha juu zaidi. Shkm mama, uzma. Shkm mama, uzma. Nko pw, nko pw. Maneno yote ambayo mama aliyapenda hayakuwa mle. Nilikuwa nimeyasema mara moja, yakaingia sikioni kwake, nikachukua mkoba nikaenda kazini. Maneno ya wateja nayahifadhi mpaka ya mwaka juzi. Ya mama sikuyahifadhi popote. Asubuhi ile nilibahatisha nikapita salama, na asubuhi zilizofuata nikapita kwa kusuasua.

Leo sikupita.

Neema, mjane wa Hoza, alifika jana kutoka Handeni na nguo za marehemu ili tuwagawie ndugu kama ilivyo desturi. Asubuhi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha, mfuko wake pembeni. Mama akaniambia nimsomee ile ya jua. Nikaanza vizuri, salamu zote, miguu, usiku. Nikafika kwenye jua la Handeni, chuma hakishikiki, nikaendelea kwenye kazi.

"Umeruka mahali," mama akasema. "Hapo kulikuwa na ukungu."

Nikarudi. Nikasema ukungu wa Dindira, unavyoingia dirishani. Mama akatikisa kichwa. Si dirishani, ni mlangoni, na hauingii hivi hivi, unaingia bila hodi. Akaniuliza leo nina nini mbona sisomi vizuri. Nikaanza tena. Kila nilipokosea alinisahihisha, kwa upole ule wa mtu anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Anayajua yote. Ameyahifadhi neno kwa neno, yeye asiyeona, na mimi mwenye macho na simu sina hata moja. Nikamwambia simu imeisha chaji.

Chaji ilikuwa imejaa.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba kunakooshewa vyombo, nikalia mkono ukiwa mdomoni. Neema akanifuata. Yeye si mtu wa maneno mengi, ni Mzigua mtulivu, tangu aolewe nadhani hajawahi kunikatiza nikiongea. Nikamwambia yote. Kwamba nimemwekea mume wake maneno mdomoni siku zote hizi. Kwamba mama anamlilia mtoto ambaye nusu yake nimemtunga mimi. Kisha nikasema lile ambalo nimekuwa nalo moyoni tangu Dindira, nikalisema kwa ukali, na aliyekuwa mbele yangu ni mjane.

"Hakuwa na muda na mama, Neema. Herufi nne tu kila siku. Shkm."

Neema aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Nilidhani atalia au atanitukana, na angekuwa na haki. Akaniambia polepole, huku anaangalia maji ya kuoshea vyombo.

Akasema kila asubuhi Hoza alitoka uani na simu mkononi kabla hajafungua banda la kazi. Anasimama, anainamisha kichwa kidogo, anaanza kusalimia kwa Kishambaa. Kwa sauti. Anasalimia, ananyamaza kidogo, anaitikia kama mtu aliyejibiwa, anauliza tena, ananyamaza tena. Mwanzoni Neema alidhani anaongea na simu. Kumbe simu iko mkononi, haijapigwa. Wapangaji wenzao walimcheka, wakasema fundi kapandwa na moshi wa chuma kichwani. Hoza hakujali. Alikwenda mpaka mwisho, na Neema asiyejua Kishambaa akaja kujua mwisho wa salamu unafikaje kwa kusikia sauti inavyoshuka. Akishamaliza ndipo anabonyeza herufi zake chache, kwa kile kidole gumba kilichoungua na moto wa kuchomelea, kisichokunjika sawasawa, anatuma, anaenda kufungua banda.

Kidole nilikijua. Nilikiona kila Krismasi. Sikuwahi kukiunganisha na simu.

"Nilimuuliza, wifi, mbona hayo yote huandiki," Neema akasema. "Akaniambia, ya nini? Dada yupo. Atamalizia."

Atamalizia.

Nilikaa chini kwenye matope ya maji ya vyombo, na sketi ya Jumapili niliyokuwa nimeshaivaa. Neema akakaa nami. Kuku wakaenda kuula mchicha alioacha mlangoni, tukawasikia wakigombania, hatukuinuka.

Sijui niandikeje ninavyojisikia. Nimefarijika na nimevunjika, vyote kwa pamoja, na kilichovunjika ni kikubwa zaidi. Hoza, kwa nini hukuniambia? Nilidhani naziba uvivu wako, kumbe uliniachia kazi na kuniamini nayo. Nimekununia bure, na umekufa nikiwa nimekununia. Na sitajua kamwe kama uani kule uliwahi kuutaja ukungu. Neema hajui. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Ningetoa chochote niyasikie hata ya asubuhi moja tu.

Na kuna jingine, limeniingia wakati nasuuza sketi. Mama naye alikuwa anajibu. Kila asubuhi baada ya kuitika alisema "Mjibu," kisha akaeleza: alivyoota, maharage yalivyochanua, yule ng'ombe tuliyemwachia jirani Dindira kama ameshazaa, Neema ale nini. Nami nikamwandikia Hoza nini? Nimeangalia. "Mama mzima, anakusalimia." Siku nyingine "Mama mzima" peke yake, maana nachelewa kazini. Mimi, mwalimu wa kujitolea. Sikukata irabu, nilikata mama mzima. Na Hoza akasimama uani, akanyamaza mahali pa kunyamaza, akayasikia majibu ambayo sikumpelekea.

Tulikuwa tunamaliziana, mimi na yeye, bila kujua. Au yeye alijua.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa bado amekaa pale pale, kikombe hakijaguswa. Nikamwambia chaji imerudi. Nikakaa upande wake wa kulia, na safari hii simu niliiweka mapajani, sikuitazama. Nilimsalimia kama Hoza alivyokuwa anasalimia, kichwa nikakiinamisha kidogo, nikanyamaza mahali pa kunyamaza. Tulipofika kwenye ukungu mama alisema pamoja nami. Unaingia mlangoni bila hodi. Hakulia. Mimi nililia, kwa kuwa haoni.

Halafu akasema, "Mjibu."

Nilidhani amesahau. Nikamshika mkono, nikawa natafuta namna ya kumkumbusha kwa upole. Akautoa mkono wake, akauweka juu ya wangu, akaugonga gonga kama anavyomtuliza mtoto.

"Najua alipo, mwanangu. Mjibu."

Basi akaanza kuongea, nami nikaandika kwa Kiswahili. Kila neno. Sikuruka, sikufupisha, sikuweka herufi moja mahali pa mbili. Niliandika miguu inavyouma kukiwa na mawingu. Niliandika maharage. Niliandika ng'ombe kazaa dume, na jirani anasema maziwa atatuletea akishuka. Niliandika kwamba jeneza alilipapasa na limemtosha, asiwe na wasiwasi. Niliandika Neema yupo kwetu na amepika, na kwamba nguo za Hoza zitakwenda kwa watu wazuri. Mama alichukua muda wake wote. Alipofika mwisho sauti ilishuka, nikajua.

Nikatuma kwa namba ya Hoza.

Mlio ukasikika kwenye mfuko wa Neema, pale mlangoni. Mama hakusikia. Neema aliitoa simu ya mume wake, akaisoma yote kimya kimya, ndefu vile, akaifunika na kanga akaishikilia tumboni. Kisha akaenda kupasha chai ya mama, maana ilikuwa imepoa kabisa.

Sasa jua linazama na mawingu yamerudi milimani. Hasira imeisha, imebaki ile niliyokuwa naikimbia mwanzoni mwa ukurasa huu. Wale wa RIP nimewasamehe, hata shangazi na ua lake. Sijui kila mmoja alisimama uani kwake akasema nini kabla hajabonyeza.

Asubuhi hakuna ujumbe utakaoingia. Nitakaa upande wa kulia wa mama, nitamsalimia ya kwangu mpaka mwisho, kisha nitamsalimia ya Hoza mpaka mwisho. Kibandani nitachelewa. Chai itasubiri.